Asumini Bado

Muuza kahawa wa Langoni, hapa Lamu, mtu ambaye miaka yote hii hajawahi kunitania, leo asubuhi amenipa kikombe changu, akageukia pembeni kwa adabu, kisha akabana midomo na kutoa mlio mrefu, mzito, wenye mtetemo mwishoni. Baraza zima likaangua kicheko. Mzee mmoja akajimwagia kahawa kwenye kanzu na wala hakujali. Nikaimeza yangu ikiwa ya moto vile vile, nikaungua ulimi, nikaondoka. Sijafika hata kwenye kona ya msikiti, nikasikia mtu wa pili naye anaujaribu mlio ule ule, mrefu kuliko wa kwanza. Naujua mji huu. Kufikia adhuhuri utakuwa umeshafika Shela, na boti ya kesho itaupeleka Pate.

Mlio wenyewe ni wa punda wetu, Asumini. Aliutoa usiku wa kuamkia leo, saa nane na kitu, mbele ya halaiki ya watu niliowatoa vitandani waje wamwone akizaa.

Mimba ipo, hilo halina ubishi. Daktari wa punda alivaa glavu ndefu ya kufika begani, akatia mkono, akapapasa kwa muda macho yakiwa juu darini, akasema, "Yumo." Tangu hapo tumbo limekuwa likishuka na kutanuka hata uchochoro wa nyuma ya nyumba hapiti tena ila kwa kukwangua chokaa ya majirani pande zote mbili. Kinachobishaniwa ni tarehe. Punda wa Lamu akishatuliwa shogi jioni huachiwa atembee, akarudi nyumbani kwa hiari yake na kwa saa aitakayo, kwa hiyo hakuna aliyeshuhudia jambo lenyewe. Anashukiwa dume mmoja mweupe wa mchukuzi wa mchanga, bingwa wa zamani wa mashindano ya Maulidi. Mwenye dume amekana kwa niaba yake, tena kwa kiapo, maana anayekubali ubaba atatakiwa achangie pumba.

Farasi hubeba mimba kiasi cha miezi 11. Punda huvuta mpaka 12, na wapo wanaofika 13, hata 14, bila kuona haya. Sasa katika nyumba yetu hesabu inaanzia siku ya mashindano ya Maulidi, Mfungo Sita wa mwaka jana, kwa kuwa usiku ule Asumini hakurudi, na aliporudi asubuhi alikuwa na majani ya mtu shingoni na mwendo wa kujivuna. Mpaka hapo tumeafikiana. Lakini mama anahesabu kwa miezi ya mwandamo, ambayo mwaka wake ni siku 354 au 355, na ami anahesabu kwa kalenda ya ukutani yenye picha ya trekta. Kati ya mwaka wa mama na mwaka wa ami kuna siku kumi na kitu, na siku hizo zote tumezila kwa ugomvi. Mwaka wa mama umepita. Wa ami nao umepita. Tumemuuliza daktari, akasema, "Atazaa akitaka," kauli ambayo sikuhitaji mtu kwenda kusomea chuo kikuu ili aniletee.

Na usiku lazima pawe na mtu bandani. Hilo nalo lina kisa chake. Farasi na punda huzaa usiku, wengi wao kati ya magharibi na alfajiri, kwa kuwa huko walikotoka, nyikani, aliyezaa mchana kweupe alikuwa anazaa mbele ya fisi. Na jike akiona hapana utulivu anaweza kuuzuia ule uchungu wa mwanzo, akauweka kando mpaka wenye macho waondoke. Wafugaji wa farasi wana hadithi chungu nzima za mtu aliyekesha mpaka kope zikamuuma, akaenda kutia maji kwenye birika, akarudi akakuta wawili wanamtazama na mmoja wao hajakauka. Ukilifikiri sana jambo hili utaona kwamba sisi tunaomlinda ndio tunaomchelewesha. Nililifikiri sana, nikamweleza mama, mama akasema kama nataka kulala niseme nataka kulala.

Basi jana. Baada ya saa sita Asumini alianza kuhangaika. Akalala, akainuka, akazunguka banda, akalala tena upande wa pili. Akageuza shingo akautazama ubavu wake kwa muda mrefu, akapiga tumbo kwa mguu wa nyuma. Jasho likamtoka shingoni na nyuma ya masikio. Mkia ukainuka, ukabaki juu. Mambo haya yote nilikuwa nimeyasoma, tena kwa mpangilio huo huo, katika kitabu cha uzalishaji wa farasi. Kitabu hicho hicho, kurasa nyingi mbele, katika sura ya maradhi, kinataja dalili za msokoto wa tumbo: hulala, huinuka, huzunguka, hutazama ubavu, hupiga tumbo kwa mguu, hutoka jasho. Sijui kwa nini waandishi wa vitabu hawaziweki sura hizo mbili jirani.

Nikamwamsha mama. Mama akashuka na leso mbili, moja kajifunga kiunoni kwa kazi, moja ya kumpokelea mtoto. Mama akamwamsha ami. Ami, badala ya kuja, akaenda kumgongea nana wa nyumba ya tatu, mkunga wa tangu enzi, aliyenizalisha mimi na nusu ya watu wazima wa mtaa. Nana akaja na beseni, pamba, wembe mpya ndani ya karatasi yake, chupa ya mafuta ya habasoda, na amri. "Zimani taa, mwamtia haya." Taa zikazimwa. "Washani, sioni." Zikawashwa. Vijana wa maskani, ambao kwa kawaida kuwaomba wakushushie jiko la gesi ni kutafuta kesi, walifika bila kuitwa na kujipanga juu ya ukuta wa ua, simu mikononi. Maalim akaja, akasimama mbali kidogo kwa heshima ya mzazi, akaanza kusoma. Mtoto wa dada yangu akampigia mamake huko Muscat, kwa picha. Huko ilikuwa saa tisa na mamake yu macho, maana tangu mimba itangazwe naye halali. Ikawa sauti ya dada yangu inatoka kwenye kiganja cha mtoto: "Nisogeze kwa nyuma! Siyo huko, huko ni ami!"

Katika msongamano ule mtu akapiga kelele kwamba chupa imepasuka. Watu wakaleta takbiri. Mama akaitandaza leso. Ilikuwa ndoo ya maji ya kunywa, ami ameipiga teke.

Nami nilikuwa nimeshampigia daktari. Alifika amevaa kikoi na koti la mvua, taa ya kichwani imewaka, akapita katikati ya umma, akaweka sikio ubavuni kwa Asumini. Ua mzima ukanyamaza. Alisikiliza upande wa kulia, akahamia wa kushoto, akarudi wa kulia. Akauliza, "Amekula nini leo?"

Nikamwambia pumba, majani, maganda ya embe, kama kawaida.

"Kingine?"

Ndipo mlangoni tukasikia mtu anavuta pumzi. Alikuwa jirani yetu muuza mahamri, ameshika sufuria kubwa kwa mikono miwili, na sufuria haina kitu. Yeye hukanda unga jioni, akaufunika kwa kitambaa, akauacha barazani uumuke mpaka saa tisa. Unga wa ngano, tui la nazi, sukari, iliki na hamira. Wa kuuzia mtaa mzima. Kitambaa kilikuwa kimekunjwa pembeni vizuri, akasema, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Sasa unga ule kazi yake ni kuumuka. Ulikuwa umeumuka barazani, na baada ya kumezwa haukuambiwa uache. Tumbo la punda ni la kuchachulia kwa asili yake: sehemu kubwa ya chakula husagwa na vijidudu huko nyuma, kwenye utumbo mpana, na gesi haina njia ya kurudi mdomoni, kwani si mnyama wa kucheua. Njia ni moja. Daktari aliyajua haya. Akasema, "Tokeni nyuma yake," na kabla sentensi haijaisha mkia ukapanda daraja moja zaidi.

Ulianza chini, kwa upole, nusura watu wadhani ni mlango wa jirani. Ukapanda. Ukakaa pale juu kwa muda ambao nana mkunga alipata kusema Bismillahi, kurudi nyuma hatua moja, na kusema Bismillahi nyingine. Ukatetemeka. Ulipokwisha, tumbo la Asumini lilikuwa limepungua mbele ya macho yetu, na ua wote ulinuka iliki. Kutoka kwenye kiganja cha mtoto sauti ya dada yangu ikauliza, "Ndiyo kashazaa?"

Kijana mmoja juu ya ukuta akaanza, "Fadhila za punda..." na umma ukammalizia kwa neno lile ambalo maalim alijifanya hakulisikia. Asumini akajitikisa kutoka masikio mpaka mkia, akaliendea beseni la nana, akala pamba.

Kwa kuwa wote walikuwa wanacheka, hakuna aliyemsikia daktari, basi nitayaandika hapa aliyoyasema, maana ni haki yangu. Alisema nimefanya vyema kumwita. Punda huficha maumivu. Farasi akiumwa na tumbo hujibwaga na kugaagaa mtaa mzima ukajua. Punda husimama tu, akaacha kula, akainamisha masikio, na mwenyewe husema kanuna. Akifika kuonyesha jasho, jambo si dogo. Na jike mwenye mimba nzito hatakiwi ashinde bila kula, kwa sababu mafuta ya mwili humwagika kwenye damu kwa wingi usiozuilika na ini likashindwa, na wengi hufa hivyo hivyo wakiwa wamesimama. Akamdunga sindano ya maumivu, akaagiza nimtembeze mpaka alfajiri na nimchunge arudie kula. Nikamtembeza barabara ya pwani, chini ya mizinga, mimi na yeye. Kila tulipopita kwenye maskani palikuwa na mtu wa kupuliza midomo.

Nilikuwa nimejitayarisha, hilo ndilo linaloniuma. Nilikuwa nimepanga kuwaeleza wale watu, hatua kwa hatua, kinachotokea, maana ni ajabu na wengi wao wanafuga punda na hawajapata kuiona. Nafasi sikupata. Nitaeleza hapa.

Kwanza kiwele. Hujaa wiki mbili tatu au nne kabla. Baadaye misuli ya pande mbili za shina la mkia hulegea, nyonga zikalainika, ukibonyeza unahisi hapana upinzani. Siku moja au mbili kabla, kwenye ncha za chuchu hutoka vitone vya njano vinavyoganda, ndiyo nta. Maziwa yenyewe hubadilika: chokaa hupanda ndani yake, na wafugaji wa huko Ulaya hukamua matone machache kila jioni wakayapima kwa vikaratasi vile vile vinavyopimia ugumu wa maji. Yote haya huwa, au hayawi. Wapo majike wanaotoa nta wiki mbili wakakutazama tu, na wapo wanaozaa na chuchu kavu.

Uchungu wa mwanzo huchukua saa kadhaa, na ndio huu unaofanana na unga wa mahamri. Ndani mtoto anajigeuza. Alikuwa amelala chali. Sasa anajizungusha kifudifudi, ananyosha miguu ya mbele, anaelekeza pua njiani. Chupa ikishapasuka hapana mchezo tena. Mwanadamu anaweza kukaa na uchungu usiku kucha na mchana wake. Farasi na punda humsukuma mtoto nje kwa muda wa nusu saa hivi, mara nyingi chini yake, na ikizidi hapo ni hatari. Kwanza huonekana utando mweupe unaong'aa, na ndani yake ukwato, kisha ukwato wa pili nyuma kidogo ya wa kwanza. Kupishana huko kidogo kuna maana yake: miguu ikitangulizana, mabega hupita yamekaa mshazari, yakawa membamba, ikija sawasawa mabega hukwama. Nyayo zitazame chini. Zikitazama juu, mtoto anakuja kinyume au kageuka chali, na huo ndio wakati wa kukimbilia simu. Na kama badala ya utando mweupe umetokea mwekundu, laini, wa kung'aa kama mahameli, simu yenyewe hungojei: ni zalio limebanduka kabla ya wakati, mtoto hapati hewa, unapasua kwa mkono wako hapo hapo.

Halafu zile kwato. Kwato tupu zingalimtoa mama machozi kwa ncha zake kali, maana mtoto hupiga mateke tumboni miezi mingi. Basi huzaliwa zimevishwa. Chini ya kila ukwato pana vidole vidole laini, vya rangi ya maziwa na manjano, vyenye unyevu, ambavyo humkinga mama asichanwe kwa ndani. Mtoto akishasimama na kukanyaga, vinakauka na kulika, siku moja tu vimetoweka. Mara ya kwanza nilipoona picha yake nilidhani ni ugonjwa. Sasa nimefika hali ya kuwasimulia watu wasiouliza, kwenye foleni ya benki.

Mle ndani ya maji ya uzazi huelea pia kipande bapa, cha kahawia, kinachoteleza, ukubwa wa kiganja. Si kiungo cha mtu yeyote. Ni mashapo: chembe na chumvi zimekusanyika tabaka juu ya tabaka mimba nzima. Wagiriki wa kale walidhani mtoto wa farasi huzaliwa nacho kwenye paji la uso na mama hukila, na Aristotle alikiandika akataja kwamba wanawake wa uganga wanakitafuta. Kikawa dawa ya mapenzi. Nilimweleza ami habari hii, na tangu siku hiyo ami amekuwa akiniuliza, kwa sauti ya kupitisha tu, kile kipande huwa tunakitupa wapi.

Baada ya hapo ni saa. Saa moja, mtoto awe amesimama. Saa mbili, awe amenyonya. Saa tatu, zalio liwe limetoka lote, ulitandaze chini ulikague, kwa sababu kipande kidogo kikibaki ndani humuua mama kwa sumu au humharibu kwato. Kwenye kunyonya ndiko penye roho ya mambo. Mtoto wa binadamu huzaliwa ameshapewa kinga na mamake kupitia kondo. Mtoto wa punda huzaliwa hana hata chembe. Kinga yote imo kwenye dang'a, na utumbo wake huwa wazi kuipokea kwa siku moja tu, tena kila saa inayopita mlango unazidi kufungika. Ndiyo maana mtu analala bandani. Siyo mapenzi tu. Ni kwamba mtoto aliyezaliwa saa tisa usiku, akakosa kuona chuchu mpaka watu walipotoka msikitini, wakanywa chai, wakakumbuka kwenda kuchungulia, anaweza kuonekana mzima kabisa na ndani ya wiki akafa kwa maradhi ya kitovu.

Wakati umma unatawanyika kijana mmoja alinipiga bega, akasema, "Mbona usimuuze tu? Ngozi yake ina bei kuliko mwenyewe." Alikuwa anatania. Nami nilicheka, kwa sababu mtu aliyepigiwa mlio ule hana heshima ya kukasirikia jambo jingine usiku huo huo.

Lakini si utani. Ngozi ya punda huchemshwa ikatoka gundi, gundi hiyo huitwa ejiao, na huuzwa Uchina kuwa ni dawa ya damu na ya urembo. Kenya iliruhusu punda achinjwe kuwa ni nyama ya kibiashara mwaka 2012. Machinjio yakafunguliwa, yakafika manne. Sensa ya 2009 ilihesabu punda zaidi ya milioni 1.8 nchini, ya 2019 ikakuta kama milioni 1.2. Bara watu walikuwa wanaamka asubuhi kwenda kuteka maji wakakuta kamba imekatwa, na kichakani kiwiliwili kimechunwa, nyama imeachwa pale pale kwa fisi. Mwanamke aliyekuwa akisomesha watoto kwa madumu ya maji mgongoni mwa punda akawa anayabeba mwenyewe. Serikali ilipiga marufuku mwaka 2020. Mwaka 2021 mahakama ikaitengua marufuku hiyo. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika, Addis Ababa, wakakubaliana kuzuia punda kuchinjwa kwa ajili ya ngozi bara zima. Yote haya nimeyafuatilia kwa sababu ya hesabu moja ndogo ambayo naona hakuna aliyeipiga: mwaka mzima tumboni, mtoto mmoja, na mtoto huyo akiwa jike anahitaji miaka kiasi cha mitatu naye aitwe mama. Kuku utamchinja na Mungu akakupa wengine. Biashara ya ngozi ilikuja na hamu ya kuku kwa mnyama mwenye mwendo wa Asumini.

Na hapa kwetu, ambako hakuna mwizi wa ngozi, tuna dharau. Mji umewekwa kwenye Urithi wa Dunia tangu 2001. Wageni wanakuja kutazama nyumba za mawe, milango, vichochoro. Vichochoro havipitishi gari. Mpaka leo saruji ikitaka kufika Mkomani, inafika juu ya punda, na mchanga, na boriti, na friji ya bibi harusi. Kisha mtu akionekana na ndoo ya maji anakwenda kumkeshea punda wake mwenye mimba, baraza zima linataka kujua kama kwao wana akili. Angekuwa ng'ombe, watu wangeniuliza kwa heshima, wangeniletea majani, wangeshika zamu. Ng'ombe ana maziwa. Angekuwa farasi, ningepigwa picha. Punda ndiye aliyejenga nyumba wanazokaa wakipuliza midomo.

Basi. Nimesema.

Mengine ni madogo. Nta niliyomwonyesha daktari juzi kwa fahari, kwenye chuchu ya kushoto, ilikuwa halua ya mtoto wa dada yangu. Vikaratasi vya kupimia maziwa, nilivyoombaomba kwa fundi wa bwawa la kuogelea wa hoteli, Asumini alivila pamoja na pakiti. Kengele niliyomfunga mkiani ilimtoa imamu kwenye rakaa. Akilia usiku wa manane, majirani wacha Mungu hujikinga na shetani kama ilivyofundishwa, maana punda akilia husemwa amemwona, na sasa wananiomba niwahakikishie ni shetani wangapi hasa wanaopita kwetu.

Mtoto mwenyewe, ambaye hata ukwato hajatoa, ana wenyewe watatu. Ami amemwahidi kwa fundi mmoja anayemdai, akizaliwa dume. Watoto wa dada yangu wameshampa jina na wamechora picha yake ukutani kwa mkaa, ukuta ambao ni wa jirani. Na muuza mahamri alikuja leo kabla ya adhuhuri, akakaa na mama juu saa nzima, wakanywa chai, wakashuka wamekubaliana kwamba unga ule ni sehemu ya kwanza ya malipo. Mama anasema hakukuwa na njia nyingine, yule mama angelienda kwa chifu. Mimi sikuulizwa. Mimi ni mlinzi.

Alasiri ikafika kamera. Dada yangu alimpa msafiri kutoka Muscat, kitu kidogo cha duara, cha kuunganishwa na intaneti ya nyumba, ili naye akeshe akiwa huko kwake. Nimeipigilia kwenye boriti juu ya mlango wa banda. Inaona gizani. Kitu chochote kikijigeuza humu ndani, simu yake inalia huko, na yake ikilia, yangu inalia. Imeshalia kwa panya. Imeshalia kwa ami, aliyeingia akasema anatafuta koleo. Sasa hivi imelia tena. Asumini amelala ubavu, kiwele kinaelekea kwenye taa, na naona kama kuna tone la njano kwenye chuchu, nami nimeinama nilitazame kwa karibu kabla sijamwamsha mtu yeyote.

"Ni nta?" dada yangu anauliza.

Namwambia angoje.

"Mi sioni kitu. Naona kisogo. Sogea, wamziba."